Ushauri: Farasi wangu ni mpole wiki nzima, siku moja anageuka simba. Nifanyeje?

Saisi wa Usa
Wakuu, habari za jioni. Sijawahi kufungua uzi humu, huwa nasoma tu. Leo nimekwama.

Nina farasi jike wa miaka 9, anaitwa Johari. Ni wa damu ya mbio, alikimbia kwenye uwanja wa mbio wa Ngong kule Nairobi hadi alipofika miaka 5, akauzwa, akaletwa huku Arusha awe wa kupandwa tu. Mimi ndiye saisi wake, yaani mtunza farasi, tangu siku aliposhuka kwenye lori. Akiwa bandani hana shida, watoto wanapita chini ya tumbo lake kuokota mayai ya kuku. Balaa ni akipandwa. Leo utampanda saa nzima, hatamu umeilegeza, hana neno. Kesho unatia mguu kwenye kikuku, anaruka kama kakanyaga kaa la moto. Mfuko wa plastiki unapeperuka mbele yake hajali, halafu wiki tatu zilizopita alimwona kuku yule yule wa kila siku, akatoka shoti mpaka kwenye migomba.

Kuna jamaa kaniambia nimwekee lijamu kali, chuma cha mdomoni, ile ya mnyororo chini ya kidevu, atanyooka. Mwingine anasema nimnyime chakula siku ya kupandwa ili apungue nguvu. Naomba mnisaidie ipi inafanya kazi haraka, maana ndani ya wiki mbili nataka awe ametulia kabisa.

Tabasamu la Tanga
Mkuu, hiyo si tabia ya mnyama, huyo kaguswa. Babu yangu kule Pangani alikuwa na punda wa kubebea nazi. Mtiifu, mtoto wa miaka sita anamwongoza. Lakini akifika kwenye mbuyu mmoja, hasogei. Ukimpiga anarudi kinyumenyume, mara mbili alimwaga mzigo wote. Babu alimwita mwalimu akasoma, punda akanyweshwa kombe, na njia ikabadilishwa. Mpaka leo familia yetu haipiti pale. Tafuta mtu amsomee.

Dokta Kwato
Ndugu yangu Saisi, mimi ni daktari wa mifugo, na farasi nimewahi kuwatibu, ingawa si wengi. Weka lijamu pembeni kwanza. Farasi anayebadilika siku hadi siku mara nyingi ana kitu kinachouma siku hadi siku. Nijibu haya: tabia hii ilianza lini hasa, na wakati huo nini kilibadilika? Tandiko ni lile lile? Anakula nini, na anakaa saa ngapi bila kitu mdomoni? Anatoka nje au anashinda ndani? Ukimkaza mkanda wa tandiko anafanya nini? Meno yalisawazishwa kwa tupa lini?

Na hiyo haraka ya wiki mbili, ni ya nini?

Mwalimu wa Zamu
Niongezee kidogo hapo. Farasi anakusoma wewe kuliko unavyomsoma yeye. Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, akisifiwa kwamba anajua hesabu. Unamuuliza tatu na nne, anagonga ukwato mara saba. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akamchunguza, akakuta kwamba muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Alikuwa anatazama kichwa na mabega ya mtu: mtu akilegea kidogo jibu linapofika, naye anaacha kugonga. Mwenyewe muulizaji hakujua kama anafanya ishara. Sasa jiulize, siku Johari anaporuka, wewe umepanda ukiwa na moyo gani? Mimi darasani nikiingia na hasira, hata wanafunzi wa nyuma kabisa wanajua kabla sijafungua mdomo. Kuna mwaka nilikuwa na kesi ya kiwanja, kidato cha pili kizima kilifeli…

Saisi wa Usa
Ahsante Dokta. Ilianza kama miezi minne iliyopita. Bosi wangu aliondoka nchini, mafao yangu hakuwa nayo, akaniachia farasi badala ya pesa, tukaandikishana. Tandiko lake aliondoka nalo. Nikapata la mtumba, lilikuwa la farasi maksai mmoja mnene, zuri tu, ngozi bado ngumu. Chakula nampa mahindi ya kuparaza na pumba, kilo tano asubuhi na jioni. Robota la nyasi limepanda bei, nampa kidogo usiku. Zamani alikuwa anashinda kwenye uwanja wa nyasi, sasa eneo limeuzwa na kuzungushiwa ukuta, anakaa bandani. Nikimkaza mkanda anageuza shingo kutaka kuning'ata, ila hayo ni maringo, farasi majike wote wako hivyo. Meno sikumbuki.

Haraka ni mambo binafsi. Naomba turudi kwenye lijamu.

Dokta Kwato
Hayo siyo maringo. Umejibu swali lako mwenyewe karibu lote.

Tumbo la farasi linatoa asidi usiku na mchana, ale asile. Kinachoipoza ni mate, na farasi hatoi mate mpaka atafune. Akikaa saa sita, saba bila nyasi, asidi inakula ukuta wa tumbo. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa kawaida sana kwa farasi waliotoka kwenye mbio. Halafu unamjaza mahindi, wanga mwingi kwa mara moja, unaovuka bila kusagwa na kwenda kuchacha utumbo mkubwa. Mnyama wa kilo 450 anahitaji nyasi kavu kilo 7 kwa uchache, vizuri zifike 9, kila siku. Huyo aliyekwambia umnyime chakula kabla ya kupanda amekwambia umwongezee moto. Fanya kinyume: kabla ya kumtandika mpe konzi kadhaa za nyasi, zitandae juu ya asidi.

Tandiko la farasi mnene kwa farasi mwembamba wa mbio linashuka na kukalia mfupa wa mabega. Siku mpandaji akikaa mbele kidogo, linachoma. Siku akikaa vizuri, halichomi sana. Ndiyo maana unaona hakuna sababu. Uingereza kuna daktari wa farasi, Sue Dyson, yeye na wenzake mwaka 2018 walitoa orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa: kulaza masikio, kutikisa mkia, kufungua mdomo, kugoma kwenda mbele na kadhalika. Akifikisha 8 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba misuli au mifupa inauma. Mhesabie wako.

Lijamu kali kwa farasi anayeumwa ni kumziba mdomo mgonjwa.

Mwanaidi Maskati
Dokta amenena. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Omani mwaka wa 14, wakwe zangu wana mazizi ya farasi. Tulikuwa na dume mmoja wa Kiarabu, kila mtu anampanda isipokuwa shemeji yangu mdogo. Akimwona tu, masikio nyuma. Tukasema farasi ana chuki. Siku moja baba mkwe akamwona shemeji anapanda: anaanguka kwenye tandiko kwa uzito wake wote, pwaa, na visigino tayari ubavuni. Akamwambia atumie kibao cha kukanyagia, ajishushe taratibu, aanze na kumsugua shingo. Mwezi haukuisha. Na jike umwekee kalenda, kaka. Mzunguko wake ni kama siku 21, joto siku tano hadi saba, na huko kwenu karibu na ikweta wanaweza kuzunguka mwaka mzima. Andika tarehe anazoruka, utaona kama zinafuatana.

Mama Nasra
Nimesoma uzi huu mara mbili. Saisi, ulisema alitoka shoti mpaka kwenye migomba. Hukusema nani alikuwa juu yake.

Tabasamu la Tanga
Jamani mbona hamjibu suala la kusomewa?

Dokta Kwato
Tabasamu, ule mbuyu ulikuwa na mizinga ya nyuki?

Tabasamu la Tanga
Mizinga ilikuwepo, ya mzee mmoja jirani. Kwa nini?

Mama Nasra
Saisi, nakusubiri.

Saisi wa Usa
Alikuwa mtoto wa dada yangu, wa miaka 11. Alianguka akavunjika mtulinga. Ameshatolewa bandeji, mkono unanyanyuka. Dada yangu hanisemeshi.

Sikulitaja kwa sababu najua mtasema nini. Na haraka yenyewe, bora niiseme. Kuna mtu anawapandisha watoto farasi siku za sikukuu na Jumapili, kwa malipo. Anamtaka Johari. Ameshanipa laki nane ya kishika uchumba, atamalizia iliyobaki mwisho wa mwezi akija kumchukua. Laki nane imeshaenda ada ya binti yangu na deni la mahindi. Aliponiuliza kama ni mpole nilimwambia ni mpole, na bandani kweli ni mpole. Ana saisi wake mzoefu. Na yeye hakuuliza kama amewahi kumwangusha mtu. Mimi nifanye nini, nikae na mnyama nisiyeweza kumlisha mpaka afe kwa njaa mikononi mwangu? Huko angalau atakula.

Mama Nasra
Hakuuliza kwa sababu alikuamini. Utamweka mtoto wa mtu mwingine pale pale alipoanguka wa dada yako, na huyo mwingine mama yake hatajua hata pa kukulaumu. Mimi wangu alianguka kwenye pikipiki iliyouzwa breki mbovu, fundi akiwa anajua. Miaka saba sasa anatembea kwa fimbo. Muuzaji naye alisema hakuulizwa. Siwezi kukutukana, una shida kweli, naiona. Lakini usiuze hivyo.

Kobe Hakimbii
Samahani wakubwa, mimi naona tunanyweshwa chai. Mtanzania ameachiwa farasi wa mbio badala ya mafao. Mara mtoto kavunjika mtulinga, mara ada, mara laki nane. Akaunti mpya, uzi wa kwanza. Siku ya tatu tutapewa namba ya simu tumchangie nyasi. Picha iko wapi?

Njia Panda
Kobe kaongea. Hata mimi nimeshangaa, farasi anafugwa uani na kuku?

Mwanaidi Maskati
Kumpima mtu ni rahisi. Saisi, usiende kutafuta popote, nijibu sasa hivi. Unapima vipi mapigo ya moyo ya farasi kwa mkono? Joto lake la kawaida? Na kipimo cha joto unafanyaje kisipotee?

Saisi wa Usa
Mapigo, vidole viwili chini ya taya, kuna mshipa unavuka mfupa kama uzi wa katani. Akitulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, Johari asubuhi huwa 36. Pumzi 8 hadi 16, naangalia ubavu. Joto 37.5 hadi 38.5. Kipimo nakifunga uzi, mwisho wa uzi kibanio cha nguo, kibanio nakibana kwenye nywele za mkia, maana akivuta kinaingia ndani. Unasimama pembeni ya paja, si nyuma, nyuma ya mkia hakuoni.

Dada, nimefanya kazi hii miaka kumi na sita. Simwombi mtu hela.

Mwanaidi Maskati
Huyu ni saisi. Hicho kibanio cha nguo hakuna mtunga chai anayekijua. Kobe, shusha.

Kobe Hakimbii
Kibanio kimenigusa, nakubali nusu. Picha bado.

Dokta Kwato
Saisi, kesho alfajiri kabla hajala, msimamishe mahali tambarare. Bonyeza kwa vidole gumba pande zote mbili za uti wa mgongo, kuanzia mabegani kurudi nyuma, polepole, sawasawa. Angalia macho na masikio, usiangalie vidole. Tafuta nywele nyeupe mahali tandiko linapokaa. Kisha weka tandiko bila kitambaa wala mkanda, pitisha mkono chini yake. Na umwombe radhi dada yako, hilo nalo ni matibabu.

Saisi wa Usa
Nimefanya leo saa kumi na moja. Nilipofika nyuma kidogo ya mabega alizama mgongo mpaka nikaona tumbo linashuka, akakunja pua. Upande wa kulia zaidi. Mkono haupiti chini ya tandiko pale mbele, umebanwa kabisa. Na kuna madoa mawili ya nywele nyeupe, moja kila upande, ukubwa wa sarafu. Nilikuwa nayaona wakati wa kumpiga brashi nikadhani ni ya kuzaliwa, lakini nimetazama picha zake za mwaka jana, hayakuwepo.

Miezi minne nimekuwa nikimkaza mkanda na kumwambia acha maringo.

Mahindi nimepunguza leo kidogo, naendelea kupunguza taratibu kama wiki mbili, nimesikia ukikata ghafla nayo ni shida. Jirani mwenye shamba Tengeru ananiruhusu nikate majani ya kandokando ya mfereji bure. Hatapandwa mpaka utakaponiambia, Dokta.

Dada yangu sijampigia. Mnunuzi nimempigia mara mbili, nikakata kabla hajapokea. Ya tatu akapokea yeye mwenyewe. Nimemwambia yote, na mtoto pia. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Akasema anataka hela yake. Nimekubali kumlipa kwa mafungu, laki mbili mwisho wa mwezi huu, sijui nitazitoa wapi.

Kobe, picha hiyo hapo chini. Samahani kidole changu kimeingia pembeni. Madoa yenyewe ni hayo mawili nyuma ya mabega.

Kobe Hakimbii
Nimeyaona. Nisamehe, mkuu.

Tabasamu la Tanga
Nimempigia mama yangu Pangani. Anasema punda wa babu alikuwa anaumwa na nyuki kila msimu wa maua. Walijua muda wote.

Dokta Kwato
Saisi, Jumamosi napita Usa River asubuhi. Usimpe kitu kipya mpaka nije, na hilo tandiko lisikae mgongoni kwake hata kwa kujaribu. Nitakuja na tupa ya meno.