Mdogo wangu akisikia mlio mkubwa akili yake inarudi kule kule tulikokimbia, nimsaidie vipi?

DadaNyota: Habari zenu ndugu. Niko hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, na mdogo wangu wa kiume, tulitoka pamoja Kivu Kusini, Kongo. Mchana anafanya kazi zake vizuri tu, lakini boda ikitoa ule mlio wa pah! au mtu akigonga mlango wa bati anaganda, macho wazi lakini hanioni, anatetemeka anaita watu tuliowaacha kule. Majirani wengine wanasema nimtikise, wengine nimmwagie maji. Nifanyeje jamani?

Baba Riziki: Pole sana dada. Usimtikise wala usimwagie maji, saa ile mwili wake unaamini bado uko kule, mkono ukimwangukia ghafla anaona ni wa adui. Simama mahali anaweza kukuona, usizibe mlango, ongea polepole: jina lake, wewe ni nani, leo siku gani, tuko Nakivale, Uganda, ule mlio ni boda. Rudia tena na tena. Mimi mwenyewe yananipata, na kinachonirudisha ni vitu vya mwili, nakanyaga chini kwa nguvu miguu peku, nashika kikombe cha maji baridi, nataja vitu vitano ninavyoviona, vinne ninavyovigusa, vitatu ninavyovisikia, viwili vya kunusa, kimoja cha kuonja. Ukichanganya hesabu si neno, cha muhimu ni akili irudi hapa.

Sifa_Kla: Naongezea kitu watu wanakiruka, mazoezi hayo myafanye ametulia, jioni mkishakula, maana akishashtuka kichwa hakipokei somo jipya. Muulize mwenyewe, umguse au usimguse? Achague na kitu cha kubeba mfukoni, hata jiwe. Na hii ya kumwambia mtu afumbe macho apumue kwa nguvu mi siikubali kabisa, akifumba zile picha zinapata nafasi, na pumzi za haraka zinaleta kizunguzungu. Macho wazi, pumzi aitoe polepole kuliko anavyoivuta.

DadaNyota: Asanteni sana. Lakini hii itamponya? Maana usiku halali na sasa ameanza kunywa waragi, hii pombe kali ya huku.

Baba Riziki: Haiponyi dada, inamtoa tu pale alipozama. Kupona kunataka mtu wa kukaa naye, amsaidie kuisimulia ile habari kwa mpangilio, ilianza wapi ikaishia wapi, mpaka akili ikubali kwamba imepita. Na si lazima awe daktari mkubwa. Hapo hapo Nakivale ulifanyika utafiti, ulitoka 2008, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo, na waliopata ushauri walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa hali zao tu bila ushauri. Nenda kituo cha afya hapo karibu ulizia mshauri wa afya ya akili, omba anayejua Kiswahili. Waragi inamlaza kweli lakini usingizi wake ni mbovu na kesho yake mishtuko inazidi, ila usimgombeze, mwambie mshauri. Akianza kusema anataka kufa usingoje miadi, mpeleke siku hiyo hiyo na asibaki peke yake.

Sifa_Kla: Na wewe dada, unalala? Mlitoka kule wawili. Ukienda kituoni jiandikishe na wewe.