Kassia wa Konstantinopoli: zaidi ya ile hadithi ya mfalme?

SautiYaPili: Habarini. Kwaya yetu ya Kiorthodoksi hapa Nairobi inajiandaa kuimba wimbo wa Mtawa Kassia, ule wa Jumanne Kuu jioni. Padri ananitaka nimtambulishe mtunzi. Kila ninaposoma ni Kaizari Theophilos wa Bizanti tu, kwamba alimwacha kwa sababu ya ulimi wake. Ni kweli?

BesiMzee: Ndivyo isemwavyo. Mwaka 830 Theophilos alikuwa akichagua mke. Akamwambia Kassia kwamba mabaya yalikuja kwa mwanamke. Binti akajibu, na mema pia. Jamaa akamchukua Theodora 😂

MamaZaburi: SautiYaPili mwanangu, hiyo itaje kwa sentensi moja upite. Walioiandika ni wa karne ya 10, Kassia na Theophilos wote wameshalala makaburini. Sema hivi: alipokuwa msichana, picha takatifu zilipigwa marufuku, naye akasimama na watawa waliokuwa wakiteswa. Barua alizoandikiwa na Theodoros wa Stoudios, abati aliyezitetea picha hizo, zipo mpaka leo, na anashangaa binti mdogo kuwa na elimu ile. Baadaye Kassia akajenga monasteri ya wanawake mjini Konstantinopoli, akaiongoza mwenyewe. Picha zilirudishwa mwaka 843, na aliyezirudisha ni Theodora yuleyule! Wakewenza wasiokuwa wakewenza.

Halafu ingia kwenye wimbo. Yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 analia, anafuta miguu ya Yesu kwa nywele, anapaka marhamu, lakini katika Injili hatamki neno. Kassia anamtaja kidogo tu, kisha anamwachia aseme mwenyewe: ole wangu, usiku umenifunika. Kuanzia hapo hadi mwisho ni sauti ya mwanamke huyo. Waumini wakilijua hilo watasikiliza kwa namna nyingine.

BesiMzee: Na ule mstari wa Hawa kujificha aliposikia hatua bustanini? Wanasema aliuandika Theophilos, alipomfuata monasterini Kassia akajificha.

MamaZaburi: Hekaya hiyo. Mwanamke akitunga vizuri, lazima atafutiwe mwanamume aliyemsaidia.

SautiYaPili: Asante Mama. Basi aimbe mmoja au kwaya nzima?

MamaZaburi: Mmoja, mwenye pumzi ndefu, maana sauti inashuka chini kabisa kisha inapanda. Ninyi shikeni sauti ya chini, msimkimbize.