Mama anatoka nyumbani usiku: nyumba ya wazee ni aibu au ni haja?

Kitindamimba
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mamangu ana miaka 79, tunakaa Tononoka, Mombasa. Kusahau kulianza kwa funguo na chumvi, sasa ananiita kwa jina la dadake aliyekufa zamani. Juma lililopita mlinzi amemkuta saa tisa usiku karibu na Makupa, leso moja mwilini, ati anakwenda Lamu kwa babake. Mie naamkia kazini, mume wangu yuko shifti bandarini, na msichana wa kazi wa tatu ametoka bila kuaga. Nimepata nyumba mbili zinazolea wazee, moja Nyali, moja Mtwapa. Swali langu: nikienda kuziona, niangalie nini? Sitaki kuambiwa nimpeleke au nisimpeleke. Hilo nimeshalilia peke yangu.

BinKibokoni
Hukutaka kuambiwa, lakini utaambiwa. Surat Al-Israa, aya ya 23: hata "uff" usiwaambie wazazi. Weye wamtafutia mama kitanda kwa watu baki! Siye Kibokoni wazee wetu wamefia vyumbani mwao, tasbihi mkononi, wajukuu mlangoni. Tatizo lajulikana. Wake wa siku hizi kumwogesha mama mkwe wanaona adhabu, kucha zimekuwa ndefu.

NesiMstaafu
Dadangu Kitindamimba, nimekaa wodini miaka mingi, nisikize mie. Usiende kwa miadi. Nenda jioni, saa moja hivi, au Jumapili, wakati mwenye nyumba hayupo. Ukiingia, nusa kwanza. Mkojo wa leo una harufu yake, na mkojo uliolala kwenye godoro una yake. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi, na kwa wazee wangapi. Ukiambiwa "kuna nesi", omba jina na leseni, ukahakikishe kwa Baraza la Wauguzi. Pahala pengi aitwaye nesi ni msichana tu aliyepewa koti jeupe.
Mzee asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, basi omba daftari la kumgeuzia. Likiwa limejazwa wino mmoja, mwandiko mmoja, mwezi mzima, jua limejazwa asubuhi hiyo. Vidonda vya kulalia huanzia kwenye kisigino na mwishoni mwa mgongo.
Kwa mamako anayetembea usiku, angalia mlango na ua. Uliza: akitaka kutoka, mwafanyaje? Wakisema "tunamtuliza", uliza kwa dawa gani na imeandikwa na daktari yupi. Wazee waliolala wote saa kumi za jioni si watulivu hao.

MkazaMwana
Kucha? BinKibokoni, hebu rudi hapa. Mie nimemwogesha mama mkwe miaka tisa. Kucha zangu zimeliwa na Jik. Wanawe watano wa kiume walikuwa wakija Idi na tende, wanapiga picha naye, wanaondoka kabla hajabadilishwa pampasi. Weye umemwogesha nani?

BinKibokoni
Mwanamume hamwogeshi mamake. Kuna stara.

MkazaMwana
Na kumlisha je, stara iko kwenye kijiko?

MtuWaDoha
Tusiwalaumu wanaume wote. Wengine tuko ughaibuni kwa ajili ya hao hao wazee. Mie natuma kila mwezi, sijaruka hata mmoja.

MkazaMwana
Wazituma kwa nani? Kwa mke wa nduguyo, sivyo? Pesa haimgeuzi mtu kitandani.

MtuWaDoha
Basi nisitume?

Mwanabaraza
Jamani, ya kuogeshana yaacheni. Katiba yasema wazi, kifungu cha 53, wazee watalelewa na familia NA serikali. Serikali iko wapi?

Karani_Mikindani
Kifungu cha 53 ni cha watoto, bwana. Wazee ni 57. Na serikali ipo: Inua Jamii, miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi.

Mwanabaraza
53, 57, umefahamu nilichosema. Elfu mbili hata pampasi hazifikishi mwezi.

MwanaWaGanze
Nyie wa kisiwani mwaongea kana kwamba nyumbani ni peponi. Kwetu Ganze kuna Kaya Godoma, kimbilio la wazee. Wazee walioko pale hawakupelekwa na watoto wenye kazi nyingi. Wamekimbia, wengine watoto wao wenyewe wamewaita wachawi kwa sababu ya mvi na macho mekundu, na kiini chake ni kutaka shamba. Babangu mkubwa hakupata nafasi ya kukimbia. Msiniambie kila mzee yuko salama kwa watu wake.

BinKibokoni
Pole. Lakini hayo ni ya Kilifi, usituletee hapa.

MwanaWaGanze
Na Mtwapa ni wapi, ndugu yangu? Somali?

Karani_Mikindani
😂 Mtwapa iko Kaunti ya Kilifi, kwa kweli.

BinKibokoni
Sijamuuliza mtu jiografia.

Kitindamimba
Posti zote hizi na jibu la swali langu ni moja tu. Ahsante sana, NesiMstaafu.
Jana nimekwenda Nyali saa moja na nusu, bila simu. Sebule nzuri, marumaru yang'aa. Wazee sita wamepangwa mbele ya televisheni ya katuni. Katuni! Bibi mmoja ameomba maji mara mbili, binti yuko kwenye simu, nikampa mimi. Nilipouliza daftari la kugeuza, nikaambiwa liko kwa meneja, na meneja yuko safarini. Nimetoka. Kesho naenda Mtwapa.

NesiMstaafu
Umefanya vyema. Huko angalia midomo yao. Ikikauka na kupasuka, hawanyweshwi. Na mkataba usome kule nyuma: akilazwa hospitali mwezi mzima, bado walipa?

MtuWaDoha
Katuni si mbaya, mamangu hupenda.

MkazaMwana
Umejuaje, na uko Doha?

Kitindamimba
Nimerudi. Mtwapa ni nyumba ya chini, haina marumaru, lakini ua una ukuta na mwarobaini katikati, na njia inayozunguka ikirudi pale pale. Kuna mzee alikuwa akizunguka, msichana yu nyuma yake hatua tatu, hamshiki. Daftari nimepewa papo hapo, lina mwandiko wa watu wanne na doa la chai. Chakula cha usiku wali na mchicha wa nazi. Bei imenitisha. Nitakaa na kakangu tuhesabu.

BinKibokoni
Hiyo ya Mtwapa wapokea na wanaume? Namuulizia jirani.

MkazaMwana
Jirani yupi? Yule mwenye tasbihi?