Tupeane uzoefu: misemo ya Kiingereza ilivyotuumbua mbele ya Wahispania

Wakuu wa Bagamoyo, habari za jioni. Mimi natembeza wageni Kaole na Mji Mkongwe. Kihispania nimejifunzia kwenye simu na daftari, na kila kitu kimepitia Kiingereza, kwa hiyo kichwani kwangu neno linapanda magari mawili kabla ya kufika. Juzi mama mmoja wa Sevilla kaulizia mlango wa kuchonga. Nikataka kumwambia ni ghali kupindukia. Waingereza husema kitu kimegharimu mkono na mguu, nami nikafyatua: un brazo y una pierna. Mama akautazama mkono wake, kisha mguu. Bintiye ndiye aliyeniokoa: kwao kitu ghali hugharimu jicho la usoni, un ojo de la cara. Leteni na yenu.

Mcheza jukwaa, Dunda
Kwenye maigizo Waingereza hukutakia heri kwa kukuambia uvunje mguu. Nikamtakia hivyo dada mmoja Mhispania kabla hajapanda jukwaani, kwa Kihispania changu. Akaniuliza amenikosea nini. Kwao husema "mucha mierda", yaani mavi mengi! Wanasimulia kwamba zamani watu walikwenda kutazama michezo kwa magari ya farasi, basi mavi yakijaa mlangoni ujue ukumbi umejaa. Sasa niambieni, mimi mtoto wa Kipwani nitayatamkaje hayo mbele ya mwalimu wangu wa ngoma?

Wa bajaji
Kudaka basi, kwa daftari langu, ni coger. Kwa Mhispania wa Madrid hakuna neno. Mimi nikawatangazia Wameksiko watatu, kwa sauti, tukafanye hilo na bajaji. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kwao ni tusi la chumbani, jamani. Siku hizi nasema tomar popote, kwa yeyote.

Mwongozaji wa Misheni
Mmecheka? Mimi nilikuwa na masista. Nawaeleza habari za Livingstone, alivyofia kwa Chitambo mwaka 1873, na mwili wake ulivyobebwa hadi hapa Bagamoyo mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Waingereza wana msemo wao wa kupiga teke ndoo, yaani kufa, kamusi ikanipa estirar la pata, kunyoosha mguu. Nikaona nimepata! Kumbe pata ni mguu wa mnyama, na msemo wenyewe ni wa kijiweni. Ni kama umesimama msibani ukasema marehemu kadedi. Sista mmoja akaziba mdomo, sijui kwa kicheko au kwa huzuni. Neno la heshima ni falleció. Nililiandika kiganjani siku hiyohiyo.

Mwalimu mstaafu, Magomeni
Wanangu, mnazunguka bure. Nilikuwa na kijana aliyeigeuza "put up with" neno kwa neno: weka, juu, na. Hakuna Mhispania atakayemwelewa. Kiingereza huchukua kitenzi kidogo kikakipachika vijineno nyuma. Kihispania aghalabu kina kitenzi kimoja kilichokamilika: aguantar, cuidar, rendirse. Na sisi je? Kuvumilia, kutunza, kusalimu amri.

Tena tazameni hili. Mwingereza akisema "she ran out", mbio ndiyo kitenzi, kutoka ni kijineno. Sisi twasema alitoka mbio. Wao salió corriendo, alitoka akikimbia. Alivuka mto kwa kuogelea ni cruzó el río a nado. (Ruvu msijaribu, kuna mamba.) Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, jiulize bibi yako angesemaje, kisha ndiyo uvuke kwenda Kihispania.

Wa bajaji
Shikamoo mwalimu. Ila bibi naye ana mitego. Nilimwambia Mhispania nina mkono wa birika, akaniangalia vidole.

Mwalimu mstaafu, Magomeni
Marahaba. Hapo sema tacaño, bahili, yaishe. Nimesema kitenzi, sikusema misemo.

Mwenye uzi
Nakiri, mwalimu. Nina wanne kesho saa 3 asubuhi, na lazima wataniuliza maana ya Bwagamoyo. Ni kuutua moyo upumzike, au kuuacha kwa kukata tamaa? Hata wazee wetu wanabishana. Nitawapa zote mbili, descansar na rendirse, wachague wenyewe wakiwa wanakunywa dafu.