Re: Kura Uskoti, ni X au 1, 2, 3?

Ndugu zangu wa Glasgow, salamu. Mimi ni Mkongomani, nimeshakubaliwa ukimbizi. Jirani yangu Mkenya anasema yeye hupiga kura zote, hata ya wabunge wa bunge la Uingereza nzima lililoko London. Na mimi je? Halafu mbona mara anaweka X, mara anaandika namba?

—

Ndugu yetu, jirani hakukudanganya. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo raia wao wenye kibali cha kuishi hapa hupiga kura zote. Kongo na Burundi hazimo. Lakini Uskoti ilibadili sheria mwaka 2020: mwenye kibali, awe wa nchi yoyote, anachagua bunge la Uskoti lililoko Edinburgh na madiwani. Kwa hiyo wewe umo, isipokuwa kura ya London. Kijana wako akifika miaka 16 naye anapiga hizo mbili.

Kura ya London ni X moja, na anayewazidi wenzake anachukua jimbo hata kama hakufika nusu. Ya Edinburgh ina karatasi mbili, X moja kwa kila karatasi: ya wabunge 73 wa majimbo, na ya mikoa yenye viti 56 vya kufidia vyama vilivyopata kura lakini vikakosa majimbo. Watu wetu huidharau hiyo ya pili. Kwa mwenye chama kidogo, mimi naona ndiyo yenyewe.

Namba ni za madiwani. Kata ya Glasgow hutoa madiwani watatu au wanne. Unampa 1 unayemtaka zaidi, 2 anayefuata, na unaishia unapotaka. Kata ya watatu, kiwango cha kushinda ni robo ya kura halali na moja juu yake. Wako akivuka kiwango, ziada inakwenda kwa namba 2. Akishika mkia anatolewa, kura yako inahama nzima. Namba 2 haimpunguzii kitu namba 1, msiogope kuiandika.

Mwaka 2007 uchaguzi wa bunge la Edinburgh na wa madiwani ulifanywa siku moja, na karatasi zaidi ya 140,000 zikakataliwa! Tangu hapo wamezitenganisha. Ya madiwani inayofuata ni Mei 2027.

—

Naongezea kutoka Leicester, England. Huku tangu 2023 usipokuwa na kitambulisho chenye picha unarudishwa. Pasi ya Kenya au Tanzania wanaipokea, na asiye nacho anaomba cheti cha bure. Uskoti wanakidai kwa kura ya London tu.

—

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mke wangu yuko zamu ya mchana, atawahi?

—

Shemeji atawahi. Vituo ni saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, au aombe kura ya posta. Ila jiandikisheni kwanza: daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi.