Nyumba ya mawe Pangani: ukuta unatoa chumvi, nikate mwembe na mkungu?

Bi_Baraza ameuliza:

Habarini wakuu. Nyumba ya zamani ya familia ipo Pangani mjini: mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama sentimita 50, dari ya boriti (miti minene ya mikoko) na juu yake zege la chokaa, halafu kenchi na mabati. Nyuma, upande wa magharibi, kuna mwembe mkubwa, shina lipo mita 4 kutoka ukutani. Mbele kuna mkungu uliofunika baraza lote, mita 2 tu kutoka kwenye ukuta. Saa tisa mchana, mwezi wa kwanza, sebuleni hakuhitajiki feni. Kwa hiyo panga silikimbilii.

Shida zenyewe:

Lipu ya simenti iliyopigwa juu ya ile ya zamani inavimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, chini yake kuna unga mweupe wa chumvi. Kona ya kusini-magharibi ina ufa wa wima, sarafu inaingia. Gata zimejaa majani ya mkungu, maji yanamwagika pembeni. Choo kinaziba mara kwa mara, bomba la udongo linapita chini ya mwembe.

Fundi aliyekuja kaona miti, kasema yote ing'olewe, kisha ukuta upigwe simenti yenye dawa ya kuzuia maji. Nimsikilize?

FundiChokaa amejibu:

Miti iache kwanza. Anza na maji.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na linanyonya unyevu kutoka ardhini, pamoja na chumvi. Ukuta wa chokaa unautoa unyevu huo nje taratibu, ukauke wenyewe. Ukiufunika kwa simenti, maji yanakosa pa kutokea, yanazidi kupanda, na chumvi inaganda nyuma ya lipu. Ikiganda inatanuka na kuisukuma lipu. Ndiyo maana inavimba kabla ya kudondoka. Ukiongeza dawa ya kuzuia maji, unyevu utapanda hadi juu ya kiuno, mwisho uifikie miisho ya boriti.

Kabla ya kugusa lipu, zunguka nyumba. Mara nyingi udongo wa nje umepanda miaka na miaka kwa majani yaliyooza na kifusi, hadi uko juu kuliko sakafu ya ndani. Uchimbe, uushushe angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, ukiwa na mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta. Upande wa mwembe chimba kwa mkono, na ukikutana na mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono, uache. Kama kuna sakafu ya simenti iliyomwagwa nje hadi kugusa ukuta, ivunje ukanda wa sentimita 30 na ujaze kokoto.

Kisha bandua simenti yote, hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Tumia patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutoboa inang'oa matumbawe pamoja na simenti. Chumvi ifagie kavu, kwa brashi ngumu, uikusanye kwenye turubai na kuitupa mbali. Ukiimwagia maji unairudisha ndani. Ukuta uachwe wazi miezi kadhaa ukauke, ufagiliwe tena kila unga unapotokea. Hapa ndipo wengi hukosa subira.

Lipu mpya: chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa ndoo, si kwa koleo. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, wiki mbili au zaidi, hadi iwe laini kama siagi. Ukipata chokaa ya tanuru ambayo haijazimwa, tia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, maana inachemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali.

Mchanga uwe wa mto, mkali, na hapa Pangani angalia sana: karibu na mlango wa mto maji ya bahari yanapanda, kwa hiyo mchanga wa pale una chumvi. Chukua wa juu zaidi, au wa shimo uliochekechwa.

Lowesha ukuta jioni, na tena asubuhi. Rusha tabaka la kwanza kwa mwiko, lisizidi milimita 10. Funika kwa magunia yenye maji, nyunyizia asubuhi na jioni kwa siku tano hadi saba. Tabaka la pili baada ya hapo, la mwisho jembamba. Chokaa haigandi kwa kukauka, inaganda kwa hewa taratibu huku ina unyevu. Ikikauka haraka inabaki vumbi, ukipitisha kiganja kinatoka cheupe. Mwembe wako hapo ni msaada: ukuta wa magharibi usio na kivuli ni kazi kweli kuupiga chokaa.

Rangi ya mafuta na ya plastiki usiikaribishe. Paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano.

mkata_matawi amejibu:

Naongezea upande wa miti, nikianza na choo, kwa sababu hapo mwembe unasingiziwa.

Mzizi hautoboi bomba lisilo na ufa. Unafuata unyevu unaovuja kwenye maungio ya bomba la udongo, unaingia kama uzi, ndani unakuwa kama nywele. Weka PVC ya inchi 4, maungio ya gundi, mteremko sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita, na chemba ndogo ya kukagulia kila linapopinda. Likiweza kuzungushwa upande mwingine wa nyumba, bora zaidi.

Mwembe: tatizo ni matawi yaliyo juu ya bati. Embe likidondoka usiku linaamsha nyumba nzima, lakini linaloharibu hasa ni majani yanayolala kwenye maungio ya mabati, yanashika maji na misumari inaoza. Ondoa matawi yote yaliyo ndani ya mita 2 kutoka kwenye paa. Subiri mavuno yaishe, fanya kabla ya masika, na usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa msimu mmoja.

Tawi nene likate mara tatu. Kwanza kutoka chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene. Pili kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi lianguke bila kuchana gome la shina. Tatu, kata kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe wa pale tawi linapotokea. Usikate sambamba na shina, na usiache kisiki kirefu, vyote viwili vinaozesha. Kidonda usikipake rangi wala lami. Vaa mikono mirefu, utomvu wa mwembe unababua.

Anayekuambia ukate kichwa chote kifupi kama kigingi, mkatae. Vinachipua vijiti vingi vyenye mshiko dhaifu, na miaka michache mbele ndivyo vinavyoangukia paa.

Mkungu ni habari nyingine. Mita 2 ni karibu mno kwa mti unaotanda matawi kama ngazi na kuotesha mizizi minene juu juu. Unapukutisha majani makubwa, mekundu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na jani moja linatosha kuziba tundu la gata. Maji yake ya hudhurungi ndiyo yanayoacha michirizi kwenye chokaa. Kama kuna nafasi, panda mwarobaini sasa, mita 6 au 7 kutoka ukutani. Mkungu uuondoe ukishapata kivuli kingine. Ukiuondoa leo, baraza litawaka.

Halafu angalia juu ya kuta na kwenye nyufa: mikuyu midogo inayooteshwa na ndege na popo. Hiyo ndiyo adui wa kweli wa nyumba ya mawe, na hakuna anayeiogopa kwa sababu ni midogo. Ing'oe ikiwa na majani mawili. Ikishaingiza mzizi kwenye chokaa, kuing'oa ni kung'oa mawe.

Kona_ya_Kusi amejibu:

Ufa: bandika kiraka cha jasi juu yake, sehemu mbili, andika tarehe. Kisipopasuka masika yote na kiangazi chote, ufa umelala, ujaze chokaa. Kikipasuka, tafuta maji kabla ya kutafuta mzizi. Hiyo kona ndipo gata inapomwagika, sivyo? Udongo wa mchanga unasombwa chini ya msingi. Gata iwe na mteremko wa milimita 5 kwa mita, bomba la kushushia inchi 4, na maji yapelekwe mita 2 nje. Gata zilizoziba huzalisha pia mbu wa dengi.

Bi_Baraza:

Asanteni sana. Kweli, ni kona ileile ya gata. Swali la mwisho: boriti mbili juu ya ukuta huo zimelainika mwishoni. Nitoe dari lote?

FundiChokaa:

Hapana. Chukua bisibisi, chomeka kila boriti karibu na ukuta. Ikiingia zaidi ya sentimita 2, imeoza; ikigoma, ipo sawa hata kama ni nyeusi. Tazama pia njia za udongo za mchwa kutoka ukutani.

Kabla ya kutoa chochote, weka mbao ya kulalia chini ya boriti zote za chumba hicho na nguzo za kuishikilia. Zege la chokaa ni zito sana na halina nondo. Badilisha moja moja. Mpya ilale ndani ya ukuta sentimita 20 kila upande, ikiwa kavu, imemenywa gome, na pembeni ya kichwa chake uache nafasi ya hewa badala ya kuijaza simenti.

Ukinunua, usikubali mazio badala ya boriti. Mazio ni nyembamba, na muuzaji atakuambia ni ileile. Dai risiti na kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana mikoko haikatwi kiholela. Na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1886, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda, kwa hiyo pita Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kuvunja.

Mpangilio: gata na matawi mwezi wa pili, udongo na kubandua simenti baada ya masika, boriti mara ukuta unapoanza kukauka. Lipu iache hadi kusi la mwaka unaofuata, mwezi wa sita na kuendelea. Ukiipiga wakati wa kaskazi, jua na upepo mkavu vitaikausha kabla haijashika.

mkata_matawi:

Kama tawi la mkungu limegusa waya wa umeme, usipande na panga. Waite TANESCO wazime kwanza.