Zinki oksaidi ya nano inanipa pengo la 2.9 eV, nimekosea wapi?

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa uzamili. Nimetengeneza chembe za nano za zinki oksaidi kwa maji ya majani ya mwarobaini, XRD (kipimo cha miale ya X) ikanipa ukubwa wa nanomita 25 hivi. Nimepima ufyonzaji wa mwanga kwenye UV-Vis (mashine ya mwanga wa urujuanimno na unaoonekana), nikachora grafu ya Tauc (ya kusomea pengo kutoka kwenye ufyonzaji), pengo la nishati, yaani nishati ambayo kitu huanza kufyonza mwanga, likatoka 2.9 eV (elektronivolti). Vitabu vinasema 3.37, na darasani tuliambiwa chembe ikiwa ndogo pengo linapanuka. Langu limesinyaa! Nimerudia mara tatu, ni yale yale. Msimamizi anataka maelezo Jumatatu.

Kyuveti: Ulipimia kwenye maji? Yanaonekanaje kwa macho?

Mleta uzi: Ndiyo mkuu. Meupe kama maji ya kuoshea mchele. Hata kwenye nanomita 600 mstari wa ufyonzaji haugusi sifuri, uko 0.4.

Kyuveti: Basi mchawi tumempata. Zinki oksaidi haina cha kufyonza huko 600, hiyo 0.4 ni mwanga uliotawanyika. Mashine haitofautishi, kwake mwanga ambao haukufika ni umefyonzwa tu. Mkia unanyanyuka, Tauc inakudanganya. Pima unga mkavu kwa njia ya kuakisi, bariamu salfeti iwe rejea, kisha tumia fomula ya Kubelka-Munk kugeuza mwakisiko kuwa ufyonzaji. Ukingo wa ufyonzaji utafute karibu na nanomita 368, yaani 1240 (namba ya kugeuza eV kuwa nanomita) gawanya kwa 3.37.

Babu Fotoni: Na hilo la kupanuka usilitegemee. Pengo hupanuka chembe ikikaribia ukubwa wa eksitoni (elektroni na tundu lake vilivyoshikana), na nusu kipenyo chake cha Bohr kwenye zinki oksaidi ni nanomita 2.3 hivi. Nanomita 25 kwake ni uwanja wa mpira. Nukta za kwantamu za Nobel ya 2023, chembe ambazo pengo lake hutegemea ukubwa, ni za nanomita chache tu.

Mama Maabara: Mdogo wangu, unga ukikauka una rangi gani?

Mleta uzi: Umanjano kidogo, dada. Sikuuchoma, tanuru letu bovu tangu Machi.

Mama Maabara: Huo ni mwarobaini haujatoka, nao unafyonza. Azima tanuru, choma 450 °C saa mbili. Ukiutoa wa moto utauona njano, usishtuke: zinki oksaidi ndivyo ilivyo, ikipoa inarudi nyeupe. Ikibaki njano, bado. Halafu rudia XRD, maana kwa moto chembe hukua.

Mleta uzi: Asanteni sana. Tanuru nimeahidiwa Jumamosi asubuhi, nitaleta grafu hapa.